Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Jina la Mackay na Watu Mashuhuri Waliolibeba

Msomaji wa Afrika Mashariki kwa kawaida hukutana na jina Mackay kwanza katika historia ya Buganda. Baadaye hulikuta tena katika soka la Uingereza, katika ramani ya Australia na katika hospitali moja kubwa ya Taipei, akabaki akijiuliza kama watu hao wote ni wa nyumba moja. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji huyo.

Jina Mackay lina maana gani?

Ni umbo la Kiingereza la jina MacAoidh la Kigaeli cha Uskoti, yaani mwana wa Aodh. Aodh ni jina la kale la kiume ambalo maana yake ni moto. Neno "Mac" hufanya kazi ileile inayofanywa na "bin" katika majina ya watu wa pwani, na "ole" kwa Wamaasai au "arap" kwa Wakalenjin. Na kama vile Mswahili anavyotofautisha bin na binti, Mgaeli naye hamwiti mwanamke MacAoidh bali NicAoidh, kwa kuwa "Nic" ni ya binti. Tofauti hiyo nzuri ilipotea pale majina yalipoanza kuandikwa kwa Kiingereza, ndipo kaka na dada wakaandikwa Mackay bila kubaguliwa.

Linatamkwaje, na kwa nini limeandikwa kwa namna nyingi?

Waskoti hutamka Makai, na sauti hupanda kwenye "ka". Kanuni ya mkazo ya Kiswahili inatufikisha hapohapo bila taabu, kwa hiyo anayesoma Ma-ka-i kama anavyosoma neno lolote la Kiswahili hajakosea. Wamarekani wengi husema Makei, jambo ambalo Waskoti hulivumilia kwa shida.

Kuhusu mwandiko, utakuta Mackay, MacKay, McKay na Mackey, na wakati mwingine mtu mmoja ameandikwa kwa namna mbili katika nyaraka za enzi yake, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia. Wapo wanaoamini kwamba "Mac" ni ya Waskoti na "Mc" ni ya Waairishi. Hilo si kweli, maana "Mc" ni ufupisho tu wa "Mac". Jina hilohilo la Aodh ndilo lililozaa pia McCoy, McKee na Magee, hasa upande wa Ireland.

Je, kila aitwaye Mackay ni ndugu wa mwenzake?

Hapana, na hili ndilo kosa linalofanywa mara nyingi kuliko mengine yote. Kwanza, Aodh lilikuwa jina la kawaida, na popote palipokuwa na mtu mwenye jina hilo wanawe waliweza kuitwa wana wa Aodh. Ndiyo maana palikuwa na akina Mackay wa Kintyre na wengine wa Galloway ambao hawakuwa na nasaba moja na ukoo mkubwa wa kaskazini. Pili, ukoo wa Kiskoti haukuwa damu tupu. Watu waliokaa katika ardhi ya mkuu wa ukoo, wakamlipa kodi na kumfuata vitani, wengi wao walichukua jina lake hata kama babu zao walitoka kwingine. Anayezijua jamii zetu za bara, ambako mgeni aliyepokewa aliweza kuingizwa katika ukoo wa mwenyeji wake na watoto wake wakahesabiwa humo, hatashangaa.

Kwa hiyo katika ukurasa huu, neno "akina Mackay" lisichukuliwe kuwa ni jamaa. Ni watu waliobeba jina moja, na pale undugu wao unapojulikana, umetajwa.

Ukoo wenyewe ulikaa wapi, na ulipatwa na nini?

Makao yao yalikuwa kaskazini kabisa mwa bara la Uskoti, katika kaunti ya Sutherland, hasa bonde la Strathnaver na nchi ya Tongue inayotazama bahari. Kaulimbiu yao ya Kilatini, Manu Forti, maana yake ni "kwa mkono wenye nguvu". Mwaka 1626 mkuu wao, Donald Mackay, alikusanya kikosi cha wapiganaji akakipeleka kwenye Vita vya Miaka Thelathini, kwanza upande wa mfalme wa Denmark na baadaye wa Sweden. Mwaka 1628 alipewa cheo cha Lord Reay, ambacho wakuu wa ukoo wanakishika hadi leo. Utumishi huo wa vita ulimletea heshima na madeni kwa pamoja, na kwa sababu ya madeni ardhi ilianza kuuzwa kipande baada ya kipande. Strathnaver iliingia mikononi mwa jumbe wa Sutherland katika karne ya 17, na sehemu iliyobaki ikauzwa kwa nyumba hiyohiyo mwaka 1829.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini jina hili limetapakaa duniani, inambidi asimame hapa kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 19 wasimamizi wa milki ya Sutherland waliona kwamba kondoo wangeleta kodi kubwa kuliko wakulima wadogo, wakaanza kuwaondoa watu mabondeni na kuwasukuma pwani, ambako waliambiwa wawe wavuvi ilhali wengi wao hawakuwahi kushika jarife. Strathnaver ilihamishwa mwaka 1814, na tena kwa ukali zaidi mwaka 1819. Paa za nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Katika kitongoji cha Badinloskin, mwezi Juni 1814, alikuwamo kikongwe mmoja, Margaret Mackay, aliyekaribia umri wa miaka 100 na hakuweza kuinuka kitandani. Mashahidi walieleza kwamba nyumba ilitiwa moto angali ndani, kwamba alitolewa huku mablanketi yakishika moto, na kwamba alifariki siku chache baadaye. Msimamizi aliyeongoza kazi hiyo, Patrick Sellar, alishtakiwa mjini Inverness mwaka 1816, na mahakama ikamwachia huru.

Margaret hakuandika kitabu wala hakuongoza jeshi, na orodha nyingi za watu mashuhuri wa jina hili humpita. Mimi namweka humu kwa makusudi. Kizazi kilichofukuzwa mabondeni ndicho kilichopanda meli kwenda Kanada na Australia, na watoto wao ni miongoni mwa watu wanaofuata hapa chini.

Kama wengi waliitwa Mackay, walitofautishwaje?

Kwa lakabu, kama inavyofanyika kila mahali penye majina machache na watu wengi. Mtu aliitwa kwa kazi yake, kwa rangi ya nywele zake au kwa jina la mahali alipokaa. Mfano bora ni mshairi Rob Donn, aliyezaliwa mwaka 1714 katika nchi ya Lord Reay na kufariki mwaka 1778. "Donn" ni rangi ya kahawia. Alikuwa mchungaji na mpeleka ng'ombe minadani, na hakujua kusoma wala kuandika. Mashairi yake yote aliyatunga kichwani kwa Kigaeli, watu wakayashika kwa moyo, na baadaye yakaandikwa na wengine. Msomaji aliyelelewa na tenzi na mashairi ya kughani atamwelewa mtu wa namna hii upesi kuliko Mwingereza aliyezoea kwamba mshairi ni mtu wa kalamu.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1754, habari za kifo cha waziri mkuu Henry Pelham zilipofika kaskazini, Rob Donn alijihifadhi usiku katika kibanda cha mzee fukara aitwaye Ewen, ambaye alionekana yu karibu kukata roho. Akaketi akatunga maombolezo ya wote wawili, akisema kwamba mauti yamempata mkubwa wa London na mnyonge wa hapa bila kuchagua. Mzee akasikia akiombolezwa angali hai, akajivuta hadi kwa mgeni wake na kumwinulia rungu. Rob Donn amezikwa Balnakeil, kwenye pwani ya kaskazini, na mwaka 1829 wenyeji walimjengea mnara wa kumbukumbu hapo.

Ni kweli kwamba Uholanzi iliwahi kuwa na waziri mkuu aitwaye Mackay?

Ni kweli. Æneas Mackay aliongoza serikali ya Uholanzi tangu mwaka 1888 hadi 1891, na serikali yake ndiyo iliyopitisha sheria ya mwaka 1889 iliyozipa shule za kidini ruzuku kutoka hazina ya taifa, pamoja na sheria ya kuwalinda watoto na wanawake kazini.

Asili yake inarudi kwenye Waskoti waliotumikia jeshi la Uholanzi kwa vizazi. Aliyejulikana zaidi kati yao ni Jenerali Hugh Mackay wa Scourie, aliyevuka na William wa Orange, kiongozi wa Uholanzi, alipokwenda Uingereza kutwaa ufalme, na kupewa kuongoza majeshi ya Uskoti. Tarehe 27 Julai 1689, kwenye mlango wa bonde la Killiecrankie, jeshi lake lilishindwa vibaya na wafuasi wa mfalme aliyeondolewa. Wapiganaji wa milimani waliteremka mbio na panga kabla askari wake hawajawahi kuchomeka singe, kwa kuwa singe za wakati ule ziliingizwa ndani ya mdomo wa bunduki na kuizuia isipige. Kutokana na somo hilo alihimiza singe ya kufungwa kwa pete pembeni mwa mtutu. Kushindwa kwake hakukubadili matokeo ya vita, maana kiongozi wa upande wa pili aliuawa katika ushindi uleule, na mwaka uliofuata Mackay akajenga ngome ya Fort William. Yeye mwenyewe aliuawa vitani Steenkerque mwaka 1692.

Tawi la Uholanzi lilibaki huko hadi mwaka 1875, wakati nyumba ya Uskoti ilipokosa mrithi na cheo cha Lord Reay kikawaangukia. Mmoja wao, Donald James Mackay, alirudi Uingereza, akawa gavana wa Bombay tangu 1885 hadi 1890, kisha rais wa kwanza wa chuo cha wanazuoni wa Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1902.

Mackay wa Uganda alikuwa nani?

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, mtoto wa mchungaji wa kanisa. Alisomea uhandisi Edinburgh, akaenda kufanya kazi Ujerumani, na alikuwa Berlin aliposoma habari za barua ya msafiri Stanley iliyochapishwa London Novemba 1875, ikiomba walimu wa Kikristo wapelekwe kwa Kabaka Mutesa. Aliandika kwa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, akijitolea, na mwaka 1876 akatua Zanzibar.

Kazi yake ya kwanza katika nchi yetu ilikuwa barabara. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa njia kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kilomita 370 hivi za pori, vijito na matope, ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yapite. Barabara ilipatikana, lakini ng'ombe waliuawa na ndorobo. Alipofika kusini mwa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Kagei, alikuta mashua ya misheni iliyobebwa vipandevipande kutoka pwani ikiwa imeharibika, akaiunda upya. Wenzake wawili walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877, naye akaenda kuonana na mtemi Lukonge ana kwa ana ili kulimaliza jambo hilo kwa maneno. Novemba 1878 aliwasili Rubaga, makao ya Kabaka.

Watu wa Buganda walimwita Mzungu wa kazi, na jina hilo lilimstahili. Alikuwa na karakana yenye mvukuto na jiwe la kunolea linalozunguka, na watu walikuja kutazama chuma kikigeuzwa kuwa jembe au kitasa. Mwaka 1882 Namasole, mama yake Mutesa, alipofariki, Kabaka alitaka azikwe kwa namna ambayo Buganda haijapata kuiona. Mackay akapewa kusimamia mafundi wa ikulu, na kwa takribani mwezi mmoja wakatengeneza jeneza la tabaka tatu, moja likiwa la shaba iliyofuliwa kutokana na vyombo vya mfalme, na la nje likiwa kubwa mno hata watu wakalifananisha na nyumba. Hakupenda kazi hiyo, lakini aliifanya kwa uangalifu uleule alioutia katika mengine.

Mutesa alifariki Oktoba 1884, na utawala wa mwanawe Mwanga ukafungua miaka ya damu. Tarehe 31 Januari 1885, vijana watatu waliolelewa na misheni hiyo, Marko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuhu Serwanga, waliuawa kwa moto huko Busega. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Askofu Hannington akauawa Busoga, na mwaka 1886 mashahidi wengi wa Kikatoliki na wa Kianglikana wakachomwa Namugongo. Mackay alibaki katikati ya hayo hadi Julai 1887 alipolazimika kuondoka. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa katika Tanzania ya leo, akaendelea kutafsiri, kuchapa na kuunda mashua. Stanley alimkuta huko mwaka 1889 akamsihi warudi pamoja Ulaya, naye akakataa kuondoka bila mtu wa kushika nafasi yake. Alifariki kwa homa Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Kiswahili kilihusikaje katika kazi yake?

Kilihusika tangu siku za kwanza, na ni jambo ambalo wanaomsimulia hulitaja kwa haraka mno. Mackay alipofika ikulu hakujua Kiganda. Lakini Mutesa na wakubwa wake walikuwa wamekwisha kuzoea Kiswahili kutokana na wafanyabiashara wa pwani, ambao waliwafundisha pia Uislamu, kusoma na kuhesabu siku za mfungo. Kwa hiyo Mackay aliisoma Injili barazani kutoka katika tafsiri ya Kiswahili iliyofanyiwa Zanzibar na Askofu Steere, na maswali na majibu yakaendeshwa kwa Kiswahili, mara nyingi mbele ya Waislamu wa pwani waliokijua kuliko yeye na waliomjibu kwa hoja.

Wasomaji wa kwanza wa misheni walijifunza herufi kwa vitabu vya Kiswahili. Baadaye alichonga herufi za mbao ili kuchapa karatasi za kujifunzia, na katika miaka ya 1880 yeye na wenzake walichapa sehemu za Injili ya Matayo kwa Kiganda. Neno "basomi", yaani wasomaji, lililotumiwa kuwaita Wakristo wa kwanza wa Buganda, linaonyesha jinsi kusoma na kuamini vilivyoonekana kuwa kitu kimoja. Njia ya kufikia huko ilipitia Kiswahili.

Je, ndiye huyohuyo Mackinnon wa Mackinnon Road, au Mackenzie?

Siye. Majina haya huchanganywa kwa sababu yanaanza sawa na watu wenyewe waliishi karne moja. William Mackinnon, aliyezaliwa Campbeltown mwaka 1823, alikuwa tajiri wa meli aliyeanzisha kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala sehemu za Kenya mwaka 1888, na mji wa Mackinnon Road kati ya Mombasa na Voi unatokana naye. Mackenzie ni mwana wa Coinneach, ambalo kwa Kiingereza ni Kenneth. Wa jina hilo anayetajwa zaidi upande wetu ni Askofu Charles Mackenzie, aliyefariki kwa homa mwaka 1862 karibu na mto Shire, katika Malawi ya leo. Ni koo tatu tofauti.

Na Mackay wa Taiwan?

George Leslie Mackay alizaliwa mwaka 1844 katika kaunti ya Oxford, Ontario, kwa wazazi waliotoka Sutherland wakati watu wanafukuzwa mabondeni. Basi huyu ni mjukuu wa mkasa ulioelezwa hapo juu. Alifika Tamsui, kaskazini mwa Taiwan, tarehe 9 Machi 1872, akajifunza lugha ya wenyeji kwa kukaa na watoto wachunga ng'ombe malishoni, mwaka 1878 akaoa mwanamke wa huko, na hakutaka nyumbani pengine.

Anakumbukwa sana kwa meno. Alitembea vijijini na wanafunzi wake, wakasimama mahali pa wazi, wakaimba, kisha wakawang'oa watu meno yaliyooza bila malipo kabla ya kuhubiri. Yeye mwenyewe alihesabu zaidi ya meno 21,000. Anayejua maumivu ya jino usiku mahali pasipo na daktari hatauliza kwa nini watu walimsikiliza. Alifungua chuo mwaka 1882 na shule ya wasichana mwaka 1884, akafariki kwa saratani ya koo mwaka 1901. Hospitali ya Mackay iliyofunguliwa Taipei mwaka 1912 ina jina lake.

Alikuwa akifanya kazi miaka ileile ya Alexander wa Uganda, na wote wawili walipendwa kwa kazi ya mikono yao kabla ya kusikilizwa kwa maneno yao. Lakini hawakuwa ndugu.

Mshairi Claude McKay alikuwa Mskoti?

Alikuwa Mjamaika mweusi. Alizaliwa Clarendon, Jamaika, katika familia ya wakulima. Baba yake aliwasimulia watoto habari za asili yao ya Waashanti, na upande wa mama walitaja Madagaska. Majina ya Kiskoti yalifika Jamaika pamoja na Waskoti waliomiliki na kusimamia mashamba ya miwa, na watu wengi waliotoka utumwani walibaki nayo, kwa hiyo jina peke yake halisemi chochote kuhusu damu. McKay alihamia Marekani mwaka 1912. Mwaka 1919, katika kiangazi ambacho weusi walishambuliwa katika miji mingi ya Marekani, alitoa shairi la mistari 14 linalowataka walioandamwa wasife kama wanyama waliozingirwa, bali wafe wakipigana. Likamfanya kuwa sauti ya mwanzo ya mwamko wa waandishi weusi wa Harlem. Alifariki Chicago mwaka 1948. Kwangu mimi, yeye ndiye mwandishi mkubwa kuliko wote waliobeba jina hili kwa Kiingereza.

Dave Mackay anakumbukwa kwa nini katika soka?

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1934, akawa nahodha wa Hearts iliyotwaa ubingwa wa Uskoti msimu wa 1957/58 kwa mabao 132. Mwaka 1959 alihamia Tottenham, na msimu wa 1960/61 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limefanywa na timu yoyote katika karne ya 20. Alivunjika mguu wa kushoto Desemba 1963, ukaunga, akavunjika mguu uleule tena Septemba 1964. Wengi walidhani amekwisha. Mwaka 1967 alilinyanyua Kombe la FA akiwa nahodha.

Baadaye alihamia Derby County, akashirikiana na mwingine tuzo ya mchezaji bora wa mwaka 1969 iliyotolewa na waandishi wa soka, na akiwa kocha wa Derby akatwaa ubingwa wa England msimu wa 1974/75. Alifariki Machi 2015.

Yupo aliyepanda juu katika sheria?

James Mackay, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1927, mtoto wa mfanyakazi wa ishara za reli. Alianza kama mwalimu wa hisabati katika chuo kikuu cha St Andrews kabla ya kugeukia sheria, na tangu mwaka 1987 hadi 1997 alikuwa Lord Chancellor, mkuu wa mahakama za England na Wales. Alipopewa cheo cha bwana alichagua kuitwa Mackay wa Clashfern, jina la mahali walipotoka jamaa wa baba yake huko Sutherland.

Yeye alikuwa mzee wa kanisa dogo la Kipresbiteri lenye msimamo mkali. Mwaka 1989 kanisa hilo lilimsimamisha kwa sababu alihudhuria misa za mazishi za majaji wenzake wawili waliokuwa Wakatoliki. Alitakiwa kuahidi kwamba hatarudia, akakataa, akisema kwamba alikwenda kuwaheshimu marafiki zake. Jambo hilo liliwagawanya waumini hadi wengine wakajitenga na kuunda kanisa lao.

Na katika sayansi?

David MacKay, aliyeishi miaka 48 tu, tangu 1967 hadi 2016, alikuwa mwanafizikia wa Cambridge aliyeandika kitabu kuhusu nishati endelevu na kukiweka kwenye intaneti kila mtu akisome bure. Alipima kila kitu, kuanzia taa hadi ndege, kwa kipimo kimoja, yaani kilowati-saa kwa mtu kwa siku, ili raia wa kawaida aweze kulinganisha mwenyewe badala ya kupewa maneno matupu. Baba yake, Donald MacKay, mzaliwa wa Lybster katika kaunti ya Caithness, naye alikuwa mwanasayansi mashuhuri wa ubongo. Hapa undugu upo wazi.

Mbona wanawake ni wachache?

Kwa sababu kumbukumbu nyingi zilitunzwa kwa kufuata wanaume, na kwa sababu mwanamke alipoolewa jina lake lilibadilika. Kubadilika huko wakati mwingine kulileta jina hili badala ya kuliondoa. Heather McKay wa Australia alizaliwa Blundell, akaolewa mwaka 1965, na chini ya majina hayo mawili alishinda mashindano ya wazi ya skwoshi ya Uingereza mara 16 mfululizo, tangu 1962 hadi 1977. Katika maisha yake yote ya skwoshi alishindwa mechi mbili tu.

John Mackay tajiri wa fedha na John Mackay wa Australia ni mtu mmoja?

Ni watu wawili. Tajiri alizaliwa Dublin mwaka 1831, akaenda Marekani akiwa maskini, akapata utajiri mkubwa katika migodi ya fedha ya Nevada baada ya mwamba mkuu kupatikana mwaka 1873, kisha akatandaza nyaya za simu za maandishi chini ya Atlantiki. Kwa kuwa ni mzaliwa wa Ireland, ambako jina hili lina mizizi yake yenyewe, asihesabiwe moja kwa moja kuwa wa ukoo wa Strathnaver.

Wa Australia alizaliwa Inverness mwaka 1839, akapelekwa Australia akiwa kijana, na mwaka 1860 akaongoza msafara ulioingia katika bonde moja lenye rutuba kwenye pwani ya Queensland. Mto wa bonde hilo uliitwa kwa jina lake, lakini kwa kuwa palikuwa na mto mwingine wa jina hilo, ukabadilishwa na kuitwa Pioneer, na jina likabaki kwa mji. Mji wa Mackay ukawa kitovu cha kilimo cha miwa, kwa jasho la watu walioletwa kutoka visiwa vya Pasifiki, wengi wao kwa hila au kwa nguvu. Bonde hilo lilikuwa na wenyewe, watu wa Yuwi, kabla ya msafara wa mwaka 1860.

Anayetaka kuona kumbukumbu zao aende wapi?

Uskoti, katika kijiji cha Bettyhill, kanisa la zamani la Farr sasa ni makumbusho ya Strathnaver, na chumba kimoja ndani yake kimetengwa kwa ajili ya ukoo wa Mackay. Ukipanda bonde kutoka hapo utafika Rosal, ambako misingi ya mawe ya nyumba zilizohamishwa inaonekana bado katika majani. Kwa aliye Afrika Mashariki si lazima asafiri mbali kiasi hicho. Kaburi la Alexander Mackay lipo katika makaburi ya kanisa kuu la Namirembe, na chuo chenye jina lake kipo Nateete, upande uleule wa mji ambako karakana yake ilikuwa.